SOMO LA MWEZI: MGONJWA AKIRUDISHWA NYUMBANI



Siku moja tulimtembelea mama mzee huku upande wa Mbeere. Alikuwa na saratani ya kizazi, na hospitalini walisema arudishwe nyumbani. Mkaza mwanawe alikuwa amemtunza peke yake miezi minne. Shamba limelala, na kwa chama haji tena. Akatuambia, "Usiku mama akilia, mimi natoka nje nalia pia." Tulinyamaza, kwa sababu kikundi chake hukutana kila Alhamisi karibu na boma lile.

Wengi wetu tunafikiri daktari akisema "mpelekeni nyumbani," matibabu yamekwisha. Si hivyo. Ugonjwa unaweza kukosa dawa, lakini maumivu yana dawa. Inaitwa mofini ya maji. Hunywewa kwa kipimo, kwa kawaida kila baada ya saa nne, hata kama maumivu hayajarudi. Ikipimwa vizuri haimuui mgonjwa. Hufunga choo, kwa hivyo ulizeni pia dawa ya kulainisha.

Kazi hii ilianza Kenya mwaka 1990 na Nairobi Hospice. Huku kwetu tuna Meru Hospice na Embu-Mbeere Hospice. Lakini wauguzi wao ni wachache na vijiji ni vingi. Uganda waliona shida hiyo hiyo. Tangu 2004 wauguzi waliosomea kazi hii wanaruhusiwa kuandika mofini, kwa sababu daktari hafiki kila kijiji. Basi na sisi tujiulize: ni kazi gani haihitaji daktari?

Kikundi kinaweza kufanya haya:

1. Andikeni majina ya wazee na wagonjwa wasiotoka kitandani.

2. Pangeni zamu. Watu wawili, nusu siku, ili anayemtunza aende sokoni, aende Misa, au alale tu.

3. Mgeuzeni mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Mlowesheni midomo.

4. Mwiteni mhamasishaji wa afya ya jamii. Yeye ndiye daraja lenu na zahanati.

5. Tengeni nauli kidogo kila mkutano, ili mtu mmoja akachukue dawa.

6. Kama mzee ana miaka 70 au zaidi, ulizeni kwa chifu kama ameandikishwa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi.

Onyo: mofini ya mgonjwa mmoja asipewe mwingine. Tena isikatwe ghafla bila kumwuliza muuguzi.

Yule mama alipata dawa, na kikundi kikaanza zamu. Aliishi wiki sita zaidi, kisha akafariki. Mkaza mwanawe alituambia jambo moja: "Tulirudi kuongea."

Maswali ya kujadili

- Katika kijiji chetu, nani yuko kitandani sasa, na nani anamtunza?

- Mara ya mwisho tulichanga kwa mazishi. Je, kwa mgonjwa aliye hai tulichanga lini?

- Zamu ya kwanza ni ya nani, na ni siku gani?