Somo la Kompyuta: Onyo la Ukurasa Uliosahaulika

Waunda programu wengi huandika maelezo ya kazi yao kwa kutumia Sphinx, chombo kilichoundwa na Georg Brandl kwa ajili ya nyaraka za lugha ya Python na kutolewa mwaka 2008. Chombo hiki hutoa onyo kikikuta ukurasa usiomo katika orodha ya yaliyomo, au kiungo kinachoelekeza kwenye ukurasa usiokuwepo.

Onyo la kwanza lina njia ya mkato: kuandika neno orphan, yaani yatima, juu ya ukurasa. Onyo linanyamaza. Lakini fundi wa zamu, mfumo ukikwama usiku wa manane, bado hauoni ukurasa huo kwenye orodha. Afadhali timu iulize kwanza nani anauhitaji. Kama yupo, uingizwe kwenye orodha. Kama umepitwa na wakati, ufutwe.

Kiungo kisicho na ukurasa ni kazi nzito zaidi, kwani mara nyingi maelezo yaliahidiwa na hayakuandikwa. Aulizwe anayeijua kazi hiyo kabla hajahama, na majibu yake yaandikwe siku hiyo hiyo.

Maonyo yakiisha, timu huongeza alama ya -W kwenye amri ya sphinx-build. Tangu hapo kila onyo jipya huhesabiwa kuwa kosa.