Robert Donat: Mchezaji Aliyepungukiwa na Pumzi

Seremala ana msumeno na randa. Mchezaji wa jukwaani hana chombo ila mwili wake na sauti yake, nayo sauti huchukuliwa na pumzi. Hebu tuyatazame maisha ya Robert Donat, Mwingereza aliyesifiwa sana kwa uzuri wa sauti, hali pumzi yenyewe ilikuwa adimu kwake.

Donat alizaliwa Manchester tarehe 18 Machi, 1905. Utotoni alikuwa na kigugumizi. Akafundishwa matamshi na mwalimu wa kazi hiyo, hata ulimi wake ukafunguka. Mwaka 1921, akiwa kijana wa miaka 16, alipanda jukwaani mara ya kwanza mjini Birmingham katika Julius Caesar, mchezo wa Shakespeare ambao Julius Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963. Alipewa sehemu ndogo ya Lucius, mtumishi wa Brutus. Mwaka 1924 akaingia katika kundi la Frank Benson, lililokuwa likizunguka nchini kuonyesha michezo ya Shakespeare.

Sinema ndiyo iliyolieneza jina lake, hasa The 39 Steps ya mwaka 1935, iliyoongozwa na Alfred Hitchcock. Lakini alikuwa na ugonjwa wa pumu. Wakati wa kupiga picha ya Knight Without Armour, iliyotoka mwaka 1937, pumu ilimlaza kitandani, na wenye kazi wakafikiri kumtafuta mtu mwingine. Marlene Dietrich, aliyecheza pamoja naye, akakataa. Donat akangojewa mpaka alipopata nafuu.

Mwaka 1938, katika The Citadel, alicheza sehemu ya daktari anayechunguza maradhi ya mapafu ya wachimba makaa wa Wales. Mwaka uliofuata, katika Goodbye, Mr. Chips, akawa mwalimu wa shule tangu ujana wake hata alipopita miaka 80, hali yeye mwenyewe alikuwa bado katika miaka ya 30. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Oscar mwaka 1940, akawashinda Clark Gable na Laurence Olivier.

Hata hivyo filamu zake zote hazikufika 20. Nyingi alizikosa kwa sababu ya ugonjwa. Mwaka 1953 alipocheza Murder in the Cathedral katika thieta ya Old Vic, London, mitungi ya oksijeni iliwekwa kando ya jukwaa, karibu naye. Filamu yake ya mwisho ilikuwa The Inn of the Sixth Happiness, ambamo alicheza sehemu ya mzee wa Kichina anayeagana na rafiki yake. Alifariki dunia tarehe 9 Juni, 1958, mwenye umri wa miaka 53, kabla filamu hiyo haijaonyeshwa.

Kigugumizi kilitoka kwa mafunzo; pumu haikutoka. Yale yaliyowezekana kurekebishwa, Donat aliyarekebisha kwa bidii. Na yale yasiyowezekana aliyavumilia, akaifanya kazi yake vizuri kwa kadiri ya pumzi aliyojaliwa.