Tusiliache Neno la Mungu Sandukuni

Katika nyumba nyingi za Wakatoliki Biblia ipo. Pengine ilinunuliwa wakati wa ndoa. Pengine msimamizi alimpa mtoto siku ya Kipaimara. Imefungwa vizuri katika kitambaa cheupe, ikawekwa sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo na nguo za sikukuu, ili isipate vumbi wala kuchanwa na watoto. Wenye nyumba wanaiheshimu, wala hatuwalaumu kwa heshima hiyo. Lakini twawauliza kwa upole: barua itokayo kwa baba aliye mbali, je, hutunzwa bila kufunguliwa?

Swali hili si letu. Ni la zamani. Papa Mtakatifu Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604, alimwandikia rafiki yake Theodorus, tabibu wa Kaisari, akimkemea kwa upendo. Tabibu huyo alikuwa mtu mwema na mtoaji wa sadaka, lakini shughuli zake nyingi zilimzuia asisome kila siku maneno ya Mkombozi wake. Gregori akamwonyesha kwamba kama angeletewa barua ya Kaisari, asingelala kabla ya kuisoma. Basi iweje Mfalme wa mbinguni aandike, na barua yake ingojee?

Mama Kanisa amelirudia jambo hilo katika nyakati zetu. Tarehe 18 Novemba 1965 Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulitoa hati iitwayo Dei Verbum, ukawahimiza waamini wote, si mapadre na watawa peke yao, wayasome Maandiko Matakatifu mara kwa mara, na kusoma kwao kuandamane na sala. Mwaka 2019 Papa Fransisko akaiweka Jumapili ya 3 ya kipindi cha kawaida cha mwaka iwe Jumapili ya Neno la Mungu.

Hapa nasi hatuna budi kuungama. Katika miaka yetu ya seminari kuu tuliyasoma Maandiko ili tufaulu mitihani. Tuliweza kueleza barua fulani iliandikwa na nani, na kwa sababu gani. Lakini siku nyingine kitabu kilifungwa bila sisi kumwambia Mungu hata neno moja. Tulijua habari zake, hatukuzungumza naye. Kusoma ni jambo moja, kumkaribia Mungu ni jambo jingine. Kinachoyaunganisha ni sala.

Katika karne ya 12 Guigo wa Pili, mkuu wa wamonaki wa Grande Chartreuse kule Ufaransa, alimwandikia ndugu mmoja barua juu ya ngazi yenye vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na kutulia mbele ya Mungu. Aliifananisha kazi hiyo na kula. Kusoma ni kutia chakula kinywani. Kutafakari ni kukitafuna. Kusali ni kupata ladha yake. Kutulia ni ule utamu wenyewe uburudishao. Amezaye bila kutafuna hafaidi chakula, na asomaye sura tano mbio mbio hufunga kitabu na njaa yake.

Guigo aliandika kwa ajili ya wamonaki, lakini ngazi hii yasimama vema hata katika ua wa nyumba zetu. Tuijaribu kwa mistari miwili tu: Injili ya Mathayo, sura ya 5, mstari wa 23 na wa 24. Hapo Bwana wetu anamfundisha mtu aliyefika altareni na sadaka yake, kisha akakumbuka kwamba ndugu yake ana kinyongo juu yake. Mtu huyo na aende kwanza kupatana, ndipo arudi kutoa.

Tuseme baba mmoja amekosana na mdogo wake kwa ajili ya mpaka wa shamba. Masika mawili yamepita, hawasalimiani. Kila Jumapili wote wawili huja Misani, mmoja hukaa upande huu, mwingine upande ule, na kila mmoja hutoa sadaka. Jioni moja mtoto wa shule anaisoma mistari hiyo pole pole, mara mbili. Huko ndiko kusoma. Kisha wote wanakaa kimya, na baba anatambua jambo asilolisikia kanisani: Bwana hakutaja kinyongo alicho nacho yule mwenye sadaka, ametaja kinyongo cha ndugu yake. Baba huyu amezoea kuyahesabu makosa ya mdogo wake. Usiku huo anaulizwa mdogo wake anamhesabia nini. Je, ni kweli kwamba alimtukana mbele ya watoto wake? Ni kweli. Huko ndiko kutafakari.

Hapo sala haihitaji maneno mazuri: Bwana, sitaki kwenda, nipe nguvu niende. Huko ndiko kusali. Halafu asiharakishe kuinuka. Na akae kidogo mbele ya Mungu pasipo kuomba kitu, akijua kwamba anatazamwa kwa upendo. Huko ndiko kutulia.

Je, yamekwisha? La. Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika waraka wake Verbum Domini wa mwaka 2010, alikumbusha kwamba kusoma huku hakutimii mpaka kufike kwenye tendo. Kesho yake baba hana budi kushika njia ya kwa mdogo wake. Pengine siku ya kwanza hatakaribishwa. Pengine wazee watahitajiwa kuupima mpaka upya. Lakini atakapoirudia altare, atakuwa ameanza kumkaribia Mungu kwa miguu yake, si kwa midomo tu.

Wako watakaosema: hatujui kusoma. Basi mtoto na asome, bibi asikilize. Mtume Paulo aliwafundisha Warumi kwamba imani huzaliwa katika kusikia. Wengine watasema: hatuna nafasi. Injili ya Marko ina sura 16 tu. Kwa mistari 10 kila jioni itamalizika katika miezi miwili na siku chache. Wengine watasema: Biblia ni ngumu. Ni kweli, yamo yaliyo magumu. Kwa hiyo tusianze na Ufunuo, na tukikwama tumwulize padre au katekista. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Wala tusiiache Rozari kwa ajili ya kusoma. Matendo yake karibu yote yametoka katika Injili. Aijuaye Injili huisali Rozari akiyaona yale anayoyataja.

Enyi wazazi wapenzi, hatuwaombeni jambo kubwa. Jumamosi jioni isomeni Injili ya Misa ya kesho yake. Siku nyingine mistari michache yatosha. Na jioni ya leo, kabla taa haijazimwa, sanduku na lifunguliwe. Baba yetu ameandika. Tusilale kabla ya kusoma.