Kabla ya tohara, uliza habari za upande wa mama

Shule zikifungwa, familia nyingi katika kaunti yetu hutumia likizo kuwatahiri wavulana. Walio wengi hupona bila shida. Lakini yupo mtoto mmojammoja ambaye damu yake haikomi. Anatahiriwa asubuhi, jeraha linaonekana limetulia, wageni wanakula na kuondoka. Usiku mama anakuta shuka imelowa. Hapo lawama huanza. Aliyekata analaumiwa, wembe unalaumiwa, na wapo watakaosema ni jicho la mtu. Huenda hakuna aliyekosea. Huenda mtoto amezaliwa akiwa na upungufu wa protini moja tu katika damu, hali ambayo madaktari huiita hemofilia.

Ili kuielewa hali hii, tuanze na kidonda cha kawaida. Mtu akijikata, mshipa wa damu hujibana, kisha chembe sahani hukimbilia pale na kuziba tundu. Kizibo hicho cha kwanza ni dhaifu, kama udongo uliotupwa kwenye ufa wa tangi la maji. Kinahitaji wavu wa kukishikilia. Wavu huo hufumwa na protini kadhaa zilizomo ndani ya damu, ambazo huamshana moja baada ya nyingine. Wataalamu wamezipa nambari, na hospitalini utasikia zikiitwa fakta. Mwenye hemofilia A ana upungufu wa fakta ya 8. Mwenye hemofilia B ana upungufu wa fakta ya 9. Chembe sahani zake ni nzima, ndiyo maana damu inaweza kukoma kwanza kisha ikaanza upya saa kadhaa baadaye. Kizibo kimekosa wavu, kimeachia.

Hapa wazazi wengi hupotoshwa na majibu ya maabara. Kipimo cha wingi wa damu, kile ambacho karibu kila mgonjwa hupimwa, kinaweza kurudi kikiwa kizuri kabisa kwa mtoto mwenye hemofilia, maana kinahesabu chembe na wala si fakta. Kipimo cha kundi la damu nacho hakionyeshi lolote kuhusu ugonjwa huu. Kinachohitajika ni kipimo cha muda wa damu kuganda, na kikionyesha kasoro, fakta yenyewe ipimwe.

Ugonjwa huu si mgeni duniani. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, mpasuaji mashuhuri Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Cordoba, huko Andalusia, aliandika habari za kijiji ambacho wanaume wake walikuwa wakifa kwa kutokwa na damu baada ya kuumia. Katika karne ya 12 tabibu Musa bin Maimun, Myahudi aliyefanya kazi Misri, alifuata kanuni ya zamani ya watu wake kwamba mama aliyepoteza watoto wawili kwa tohara asimtahiri wa tatu angali mdogo. Akaongeza jambo la maana sana: kanuni hiyo inashika hata kama watoto hao ni wa baba tofauti. Hakuwa na darubini wala maabara, lakini alikuwa amekwisha kuona kwamba hatari inafuata tumbo la mama.

Sayansi ya jeni imeeleza sababu. Maagizo ya kutengeneza fakta ya 8 na ya 9 yamo kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, moja kutoka kwa kila mzazi. Mwanamume ana X moja tu, na hiyo hupewa na mama. Mwanamke ambaye X yake moja ina kasoro kwa kawaida ana nyingine ya kumsaidia, kwa hiyo anaweza kuishi maisha yake yote bila kujua. Akimzaa mvulana, ni nusu kwa nusu kama atarithi X yenye kasoro. Akimzaa msichana, ni nusu kwa nusu kama naye atakuwa mbebaji. Baba mwenye hemofilia hawezi kuwapa wanawe wa kiume jeni hiyo, kwa sababu yeye huwapa kromosomu Y; lakini mabinti zake wote wataibeba.

Katika jamii yetu jambo hili lina uzito wa pekee. Mtoto wa Kisomali hufundishwa abtirsi, akataja majina ya baba zake vizazi kumi na zaidi bila kukwama. Ni hazina kubwa. Lakini hemofilia haifuati mstari huo. Mtoto anaweza kutaja mababu ishirini na asiguse hata jina moja linalohusika. Anayehusika ni abti, yaani mjomba ndugu wa mama, wana wa habaryar, na kaka za ayeeyo mzaa mama. Je, yupo aliyefariki akiwa mdogo baada ya kutahiriwa, kung'olewa jino au kukatwa kimeo? Yupo aliyekuwa akivimba magoti mara kwa mara hadi akalemaa? Wenye majibu haya kwa kawaida ni akina nyanya, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuwauliza.

Ndoa za binamu hutajwa kila mazungumzo yanapofika kwenye magonjwa ya kurithi. Kwa magonjwa mengi ya aina hiyo kuna ukweli ndani yake, lakini hemofilia haihitaji wazazi wawili wenye jeni moja. Mama mbebaji aliyeolewa na mtu wa mbali kabisa bado anaweza kumzaa mvulana mgonjwa. Vilevile takriban theluthi moja ya wagonjwa hawana historia yoyote katika familia. Kasoro imeanza upya kwao au kwa mama zao. Kwa hiyo jibu la "kwetu hakuna" linapunguza wasiwasi, haliuondoi.

Kwa makadirio ya kimataifa, hemofilia A humpata mvulana mmoja kati ya 5,000 wanaozaliwa. Sensa ya 2019 ilihesabu wanaume na wavulana 458,975 katika Kaunti ya Garissa. Ukigawanya unapata takriban watu 90. Hii ni hesabu ya kukadiria, si orodha ya wagonjwa waliopimwa, lakini inatosha kuonyesha kwamba hatuzungumzii ugonjwa wa Ulaya peke yake.

Watafiti nao hawajalala. Mwaka 1952 madaktari wa Uingereza waligundua kwamba kilichoitwa hemofilia kilikuwa magonjwa mawili, na hivyo ndivyo fakta ya 9 ilivyotambuliwa. Jeni ya fakta ya 8 ilipatikana na kunakiliwa mwaka 1984. Mwaka 1993 ikajulikana kwamba karibu nusu ya wenye hemofilia A kali wana kosa la aina moja: kipande cha kromosomu X kimegeuka kichwa chini, na maagizo yakakatika katikati. Kunakiliwa kwa jeni ya fakta ya 8 ndiko kulikowezesha fakta hiyo kutengenezwa kiwandani bila kutegemea damu ya wachangiaji. Katika miaka ya 1980, kabla ya hapo, wagonjwa wengi Marekani na Ulaya waliambukizwa virusi vya UKIMWI kupitia dawa zilizotokana na damu. Tangu 2017 kuna dawa nyingine, emisizumabu, ambayo si fakta ya 8 bali inafanya kazi yake, na hudungwa chini ya ngozi badala ya kwenye mshipa. Inawafaa hasa wale ambao miili yao imeanza kuikataa fakta ya 8, tatizo linalowapata takriban watatu kati ya kila kumi wenye ugonjwa mkali.

Hapa Kenya, kliniki za hemofilia zipo katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret. Sehemu kubwa ya dawa hupatikana kwa msaada wa Shirikisho la Hemofilia Duniani. Kutoka mji wa Garissa hadi Nairobi ni takriban kilomita 370, na kwa mkazi wa Hulugho au Ijara wakati wa mvua, hata kufika mjini Garissa ni safari ya kubahatisha. Kwa sababu hiyo kujua mapema kuna thamani kubwa zaidi kwetu kuliko kwa mtu anayeishi karibu na hospitali hizo. Mtoto aliyepimwa na kujulikana anaweza kutahiriwa salama: hupewa fakta kabla ya kukatwa na siku zinazofuata, chini ya uangalizi wa madaktari. Hanyimwi sunna, anahamishiwa mahali panapofaa.

Dalili huanza kuonekana mtoto anapoanza kutambaa: michubuko mikubwa isiyolingana na kuanguka kwake, damu ya ulimi au fizi inayochuruzika siku nzima, goti au kiwiko kuvimba na kuwa moto. Mwenye dalili hizi asitahiriwe, asikatwe kimeo wala asing'olewe meno ya utotoni kabla ya kupimwa. Kukata kimeo, kwa kweli, hakumfai mtoto yeyote, awe na hemofilia au asiwe nayo.

Ikiwa tohara imekwisha kufanyika na damu haikomi, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia na umpeleke mtoto kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku. Usipake majivu, kahawa wala samadi. Usimpe aspirini wala ibuprofeni, kwa kuwa zinadhoofisha chembe sahani zilizobaki kuwa tegemeo lake. Parasetamoli inatosha kwa maumivu. Ukifika, mwambie mhudumu kabla hajachoma sindano ya msuli: "Daktari, damu ya mtoto huyu haigandi." Sindano ya paja inaweza kuvujisha damu ndani kwa ndani bila kuonekana nje.

Wasichana nao wahesabiwe. Kuna ugonjwa uitwao von Willebrand, jina la daktari wa Finland aliyeueleza mwaka 1926, ambao hupata wanawake na wanaume sawasawa na umeenea kuliko hemofilia. Hedhi nzito inayozidi siku saba inaweza kuwa dalili yake. Ukeketaji umepigwa marufuku na sheria ya mwaka 2011, nao humdhuru kila msichana. Mwenye kasoro hii unaweza kumuua siku hiyohiyo.

Mama anayejua au kushuku kwamba ni mbebaji amweleze mkunga tangu kliniki ya kwanza ya ujauzito, kwa sababu yeye mwenyewe anaweza kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na kichwa cha mtoto hakifai kuvutwa kwa mashine. Mtoto akizaliwa mvulana, damu ya kitovu inaweza kuchukuliwa na kupelekwa kupimwa kabla hajachomwa sindano yoyote.