Kichwa cha Treni ya Mfano: Tazama Reli Kabla ya Chapa

Anayenunua birika la umeme la chapa moja leo anaweza kununua la chapa nyingine kesho bila kupoteza chochote. Treni ya mfano haiko hivyo. Anayenunua kichwa cha treni cha kwanza amenunua pamoja nacho, mara nyingi bila kujua, upana wa reli, aina ya umeme, aina ya ndoano za mabehewa na mfumo wa kuendeshea. Uchaguzi usiofaa hauishii kwenye kifaa kimoja, kwani hulipiwa tena kila linapoongezwa behewa au kipande cha reli.

Huenda msomaji akashangaa kuona kijitabu chetu, ambacho kwa kawaida hushughulika na mizani, mitungi ya gesi na mikataba ya mikopo, kikitenga kurasa kwa bidhaa hii. Sababu ni bei na umbali. Kichwa kimoja kutoka kwa watengenezaji wa Ulaya huweza kuzidi euro 200 kabla ya gharama za usafirishaji. Maduka yanayouza bidhaa hii ni adimu katika miji yetu, hivyo wengi huipata kwa kuagiza mtandaoni au kupitia ndugu walioko Ujerumani, Uingereza au Marekani. Mnunuzi hakioni kifaa, hakijaribu, na muuzaji yuko ng'ambo. Katika hali hiyo, jina maarufu juu ya sanduku huwa ndilo jambo pekee analolitegemea, na jina peke yake halimtoshi.

Jina na mwenye jina

Chapa nyingi za treni za mfano ni za miaka mingi. Märklin ilianzishwa Göppingen, Ujerumani, mwaka 1859. Lionel ilianzishwa New York mwaka 1900. Frank Hornby wa Liverpool, aliyekwisha kujulikana kwa vifaa vya kuundia vya Meccano, alianza kuuza treni zenye jina lake mwaka 1920. Umri huo hutangazwa sana, na mtu aliyeona treni ya chapa fulani utotoni huiamini mpaka uzeeni.

Hata hivyo, chapa ni mali, na mali huuzwa. Kampuni ya Meccano, iliyokuwa mmiliki wa Hornby, ilinunuliwa na Lines Bros mwaka 1964. Bachmann, iliyoanzia Philadelphia, ilinunuliwa mwaka 1987 na Kader ya Hong Kong, iliyokuwa ikiitengenezea bidhaa. Mwaka 2004 Hornby ilichukua majina kadhaa ya bara la Ulaya, yakiwemo Rivarossi na Lima ya Italia. Märklin yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni mwaka 2009, ikaendelea kuzalisha, kisha mwaka 2013 ikaingia mikononi mwa wamiliki wa kampuni ya vichezeo ya Simba Dickie. Hatusemi haya ili kuzivunjia chapa hizo heshima, maana baadhi ya vichwa vilivyotengenezwa baada ya mabadiliko hayo ni bora kuliko vilivyotangulia. Tunayasema kwa sababu kichwa cha miaka ya 1980 na kichwa cha mwaka huu vinaweza kubeba jina moja ilhali havitoki kiwanda kimoja, wala havitumii mota na vipuri vya aina moja.

Reli mbili au tatu

Hili ndilo swali la kwanza, na ndilo linalowaponza wanunuzi wengi.

Vichwa vingi duniani hutumia reli mbili. Reli moja hupeleka umeme na nyingine huurudisha, na umeme wenyewe ni wa mkondo mnyoofu, yaani DC, usiozidi takribani volti 12. Magurudumu ya upande mmoja hutengwa kiumeme na ya upande wa pili, kwani yasipotengwa umeme utakatiza kupitia ekseli na kuleta shoti. Hornby, Bachmann, Piko na Kato hufuata njia hii.

Märklin, katika treni zake za uwiano wa H0, hufuata njia tofauti. Kati ya reli zake mbili kuna safu ya nukta ndogo za chuma zisizoonekana sana. Kichwa kina kibao kirefu cha chuma chini ya tumbo kinachoteleza juu ya nukta hizo na kupokea umeme, na reli zote mbili za pembeni huurudisha. Kihistoria umeme wake ni wa mkondo geu, yaani AC. Njia hii ina faida: reli inaweza kuzungushwa na kurudi kujiunga na yenyewe bila shoti, jambo ambalo kwenye reli mbili hudai waya na swichi za ziada. Mtoto anaweza kupanga reli kwa umbo lolote alipendalo na treni ikaenda.

Ubaya ni kwamba mifumo hii haichanganyiki. Kichwa cha DC kikiwekwa juu ya reli za Märklin hakiendi, kwa kuwa reli zote mbili zina ncha moja ya umeme. Behewa la Märklin likiwekwa juu ya reli mbili za DC huleta shoti, kwa kuwa magurudumu yake hayakutengwa. Mtego huu humnasa mnunuzi kwa urahisi kwa sababu upana wa reli hizo ni uleule, milimita 16.5. Kwa macho, kila kitu kinakaa mahali pake. Zaidi ya hayo, kampuni ya Märklin ina chapa ya pili, Trix, ambayo huuza treni za H0 za reli mbili, na injini ileile huweza kutolewa kwa majina yote mawili. Watengenezaji wengine nao, kama Piko na Roco, huuza matoleo mawili ya kichwa kimoja, moja la DC na moja la AC, yenye picha ileile kwenye sanduku na tofauti katika namba ya bidhaa pekee. Kwa hiyo, usiagize kwa picha. Agiza kwa namba ya bidhaa, na mwombe muuzaji athibitishe kwa maandishi kuwa namba hiyo ni ya DC au ya AC.

Si kazi ya mamlaka kutangaza mshindi kati ya chapa. Tukiulizwa lakini kuhusu familia inayoanza bila reli yoyote nyumbani, tunaelekea upande wa reli mbili, kwa sababu zinampa mnunuzi uhuru wa kuhama chapa moja kwenda nyingine bila kutupa alichonacho. Familia ambayo tayari imerithi reli za Märklin ibaki na Märklin.

Uwiano na nafasi

Uwiano wa 1:87, unaoandikwa H0, ndio ulioenea zaidi. Milimita 16.5 zikizidishwa kwa 87 hutoa takribani milimita 1,435, ambao ndio upana wa reli ya SGR inayotoka Mombasa kwenda Nairobi na ile ya Dar es Salaam kwenda Dodoma. Mzazi anayetaka mtoto aone mfano unaolingana na treni hizo yuko sahihi kuchagua H0. Reli yetu ya zamani ya mita moja, kwa uwiano huohuo, ingehitaji upana wa milimita 11.5 hivi, na ya TAZARA, yenye milimita 1,067, zaidi kidogo ya 12.

Waingereza wana jambo lao. Vichwa vya Hornby na Bachmann vinavyoiga treni za Uingereza ni vya uwiano wa 1:76, unaoitwa 00, lakini hutembea juu ya reli ileile ya milimita 16.5. Vitaenda kwenye reli za H0, ila vikisimama kando ya mabehewa ya H0 vitaonekana vinene, na ndoano zao kwa kawaida hazishikani na za Ulaya bara.

Kabla ya kulipa, pima chumba. Duara dogo la kawaida la Märklin H0 lina nusu kipenyo cha milimita 360, hivyo linadai meza yenye upana wa karibu sentimita 85. Asiye na nafasi hiyo atafute uwiano wa N, wenye reli za milimita 9, ambao Kato ya Japani imejijengea jina kwao.

Mpira mdogo wa gurudumu

Tukiambiwa tuchague kipimo kimoja tu cha ubora wa chapa kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki, tusingechagua rangi, wala sauti, wala wingi wa vipande vidogo vilivyobandikwa. Tungechagua upatikanaji wa mpira wa gurudumu. Vichwa vingi vina magurudumu mawili au manne yaliyovishwa pete nyembamba ya mpira ili yasiteleze yanapovuta mabehewa. Pete hizo huchakaa, hukauka na kukatika. Mota zenye kaboni nazo humaliza kaboni zake. Hizi si hitilafu; ni matumizi ya kawaida, kama tairi za baiskeli. Chapa inayojali watumiaji huweka ndani ya sanduku karatasi yenye mchoro wa kifaa kilichofunguliwa, kila kipande na namba yake, na huviuza vipande hivyo kwa miaka.

Mwulize muuzaji kabla ya malipo: namba ya mpira wa gurudumu wa kichwa hiki ni ipi, na mnauza pakiti kwa kiasi gani? Akijibu kwa dakika chache, hiyo ni ishara njema kuliko tangazo lolote. Akikwepa, tafuta kwingine. Na ukinunua, agiza pakiti mbili za mpira na kaboni ndani ya kifurushi hichohicho. Kuziagiza peke yake baadaye huweza kugharimu zaidi kwa usafiri kuliko thamani yake. Kumbuka pia kwamba forodha za Jumuiya ya Afrika Mashariki huweza kukokotoa kodi juu ya bei pamoja na bima na usafirishaji, wala si bei ya dukani peke yake.

Wakazi wa pwani waulize vilevile reli zimetengenezwa kwa madini gani. Reli za chuma zilizouzwa zamani hushika kutu haraka katika hewa ya chumvi ya Tanga au Mombasa. Za aloi ya shaba, nikeli na zinki hustahimili zaidi. Anayenunua mtumba wa kale achunguze na mwili wa kichwa. Zinki iliyochanganyika na risasi kiwandani huvimba, hupasuka na kumomonyoka kadiri miaka inavyopita, na ugonjwa huo hauna tiba. Ukiona nyufa kama za udongo mkavu, usinunue, hata kama jina ni kubwa.

Kuhusu uendeshaji wa kidijitali tutasema kwa ufupi. Mfumo wa DCC umesanifiwa na chama cha wapenzi wa treni za mfano cha Marekani, NMRA, na hautegemei chapa moja, kwa hiyo kidhibiti kimoja huweza kuendesha vichwa vya watengenezaji mbalimbali vyenye dikoda ya DCC. Kama huna haja nao sasa, nunua kichwa chenye soketi ya dikoda ili uongeze baadaye.

Umeme wa nyumbani na umri wa mtoto

Tanzania hutumia volti 230 na Kenya volti 240, zote kwa hezi 50. Transfoma iliyonunuliwa Marekani huandikwa volti 120 na hezi 60. Ikichomekwa kwenye soketi ya hapa itaungua, na inaweza kuwasha moto. Vidhibiti vilivyotengenezwa kwa soko la Uingereza vina volti na plagi zinazolingana na zetu.

Soma pia umri ulioandikwa. Katika sheria ya Umoja wa Ulaya, mifano ya wakusanyaji iliyoandikwa kuwa ni ya miaka 14 na kuendelea haihesabiwi kuwa vichezeo, hivyo hailazimiki kutimiza masharti ya usalama wa vichezeo. Kichwa cha bei kubwa chenye ngazi na vishikio vyembamba kama sindano hakikutengenezwa kwa mikono ya mtoto wa miaka mitano. Kwa mtoto huyo, treni rahisi ya betri iliyoandikwa umri wake ni uchaguzi bora.

Zoezi

Ndugu aliyeko Marekani ametuma sanduku la Lionel: kichwa, mabehewa, reli tatu zenye upana wa karibu milimita 32, na transfoma ya volti 120. Nyumbani tayari kuna seti ya Hornby. Je, kichwa hicho kitatumika juu ya reli za Hornby, na transfoma ichomekwe wapi?

Jibu: Hakitatumika, upana ni karibu mara mbili na mfumo ni tofauti. Seti hiyo itembee juu ya reli zake yenyewe. Transfoma isichomekwe moja kwa moja popote. Kifaa cha kushushia volti husaidia, lakini hakibadilishi hezi, na transfoma ya hezi 60 hupata joto zaidi kwenye hezi 50. Mpe fundi wa umeme aikague kwanza, na baada ya hapo isiachwe ikiwaka bila mtu mzima chumbani.