Shemeji Ananidai Aya Mbele za Watu

*Shangazi, mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kawetele, Tukuyu. Nimelelewa Kikatoliki na nimeolewa kwenye ukoo wa Moraviani. Mume wangu hana shida na imani yangu. Shida iko kwa shemeji, kaka yake mkubwa, ambaye ni mwinjilisti. Tukikutana, iwe sikukuu au msibani, lazima aniulize mbele za watu: “Imeandikwa wapi kwamba Maria alipalizwa mbinguni? Nipe aya.” Katekista wetu wa jumuiya alitufundisha kuwa Sanduku la Agano ni mfano wa Bikira Maria. Pasaka iliyopita nikajaribu kulieleza hilo. Shemeji akasema kwa mtindo huo hata nguzo ya nyumba inaweza kuwa Papa. Watu wakaangua kicheko, na baba mkwe alikuwepo. Nilirudi jikoni nimenyong’onyea. Sasa na mimi nimeanza kujiuliza: hii mifano ni ushahidi kweli, au tunatafuta tu maneno ya kutetea tulichokwisha kukiamua?*

*Mkatoliki, Kawetele*

Pole kwa fedheha hiyo, mwanangu. Swali ulilojiuliza mwenyewe ni zito kuliko la shemeji yako, kwa hiyo tuanze nalo.

Mfano peke yake hauthibitishi fundisho. Anayesema hivyo si mpinzani wa Kanisa. Ni Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwalimu wetu mkubwa wa karne ya 13. Alifundisha kwamba hoja ya imani ijengwe juu ya maana ya wazi ya Maandiko, si juu ya maana ya mfano, na akakumbusha kuwa Augustino alikuwa ameshalisema hilo kabla yake. Kwa hiyo shemeji anapodai zaidi ya mfano, hajakukosea. Amekosea pale anapodhani kwamba kusoma kwa mifano ni mchezo tuliojitungia Wakatoliki.

Biblia inajisoma yenyewe hivyo. Katika Yohane 3:14, Yesu anamchukua nyoka wa shaba aliyeinuliwa na Musa jangwani na kumfanya mfano wa kuinuliwa kwake msalabani. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, unayatazama maji ya gharika na kuona ubatizo. Paulo anauita mwamba wa jangwani Kristo katika 1 Wakorintho 10:4, na katika Warumi 5:14 anamwita Adamu mfano wa yule atakayekuja. Katika aya hizo, aliyefungua fumbo ni mwandishi wa Agano Jipya mwenyewe, si katekista. Uanzie hapo kila mara, maana hapo wewe na shemeji mmesimama pamoja.

Sasa tuje kwenye Sanduku. Fungua 2 Samueli 6, uweke kando yake Luka 1. Sanduku linasafiri katika nchi ya Yuda. Maria naye anasafiri kwenda nchi ya milima, katika mji wa Yuda. Daudi anauliza kwa hofu, Sanduku la Bwana litamjiaje yeye. Elizabeti anauliza limemtokeaje hili, mama wa Bwana wake amjie yeye. Daudi anarukaruka mbele ya Sanduku. Mtoto anaruka tumboni mwa Elizabeti. Sanduku linakaa miezi mitatu nyumbani kwa Obed-edomu. Maria anakaa kwa Elizabeti kama miezi mitatu. Ongeza Waebrania 9:4, panapotajwa vilivyokuwamo ndani ya Sanduku: mbao za Agano, mana na fimbo ya Haruni. Maria alimchukua tumboni yule aliye Neno la Mungu, mkate wa uzima na kuhani mkuu.

Nguzo ya nyumba haina mlolongo wa namna hiyo. Mfano wenye nguvu una matukio yanayoitikiana, moja baada ya jingine. Lakini hata Luka 1 haisemi waziwazi kwamba Maria ndiye Sanduku, kama Yohane 3 inavyosema juu ya nyoka. Ukiutumia mfano huu, sema hivyo kabla hujaambiwa.

Je, Sanduku linathibitisha Kupalizwa? Papa Pio XII alipotangaza fundisho hilo tarehe 1 Novemba 1950, alitaja Zaburi 132:8, inayomwita Bwana ainuke aende mahali pa pumziko lake, yeye na Sanduku lake. Lakini alikiri pia kwamba wahubiri na wanateolojia wa kale waliyatumia maneno ya namna hiyo kwa uhuru fulani. Hakuutwisha mfano mmoja mzigo wote. Alikuwa amewauliza maaskofu wa dunia nzima, akatazama sala na sikukuu za karne nyingi, na mafundisho ya Mababa wa Kanisa.

Basi mjibu shemeji bila kuzunguka: aya inayosema kwa maneno ya wazi kuwa Maria alipalizwa mwili na roho haipo. Kanisa linasoma Maandiko pamoja na Mapokeo, na mifano hutuonyesha kwamba fundisho hilo haligombani na Biblia, bali linaishi ndani yake. Hapo mtakuwa mmefika kwenye tofauti yenu halisi: je, kila fundisho lazima liwe na aya yake? Kuna Wakristo wema pande zote mbili za swali hilo.

Uwe mwangalifu pia ukitaka kumtumia mwanamke wa Ufunuo 12 kama mfano wa Maria. Nyota zake 12 zinakumbusha ndoto ya Yosefu na makabila ya Israeli, na wafafanuzi wengi, Wakatoliki wakiwemo, wanamwona pia kama taifa la Mungu. Ukisema ni Maria tu, utakuwa umepunguza utajiri wa aya hiyo. Na shemeji akileta habari za Papa, acha nguzo, mpeleke Isaya 22:22. Eliakimu, msimamizi wa nyumba ya mfalme, anakabidhiwa ufunguo wa nyumba ya Daudi, kisha katika Mathayo 16:19 Petro anaahidiwa funguo za ufalme. Naye akikuonyesha Ufunuo 3:7, kwamba ufunguo wa Daudi ni wa Kristo, kubali. Petro ni msimamizi, mfalme ni Yesu.

Mkumbushe pia, kwa upole, yaliyo nyumbani kwake. Wamisionari wa Moraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na nembo ya kanisa lao ni Mwanakondoo mwenye bendera. Huyo ni mwanakondoo wa Pasaka wa kitabu cha Kutoka, anayesomwa kwa macho ya Yohane na Ufunuo. Kitabu chao cha maneno ya kila siku, kilichochapwa mara ya kwanza mwaka 1731, huweka neno la Agano la Kale na neno la Agano Jipya linalopatana nalo. Kwa hiyo shemeji naye hulisikiliza Agano la Kale kwa sikio la Agano Jipya. Nanyi Wakatoliki hamkuja Tukuyu jana. Prefektura ya Kitume ya Tukuyu iliyoundwa mwaka 1932 ndiyo chimbuko la Jimbo Kuu la Mbeya. Pande zote mbili ni wenyeji hapo, hakuna mgeni wa kuhojiwa.

Sasa kuhusu nyumba. Usibishane tena msibani, wala mbele ya baba mkwe. Unajua heshima ya Kinyakyusa kati ya mkwe na baba mkwe ilivyo: ukijibu kwa ukali utaonekana umemvunjia adabu, na ukinyamaza utaonekana umeshindwa. Zungumza kwanza na mume wako, yeye ndiye amwambie kaka yake kuwa maswali hayo yaulizwe faraghani. Ukimya wa mume wako mkiwa mezani unakuumiza, naye anapaswa kulijua hilo.

Kisha mwalikeni shemeji kwa chai, ninyi watatu tu, na Biblia mezani. Someni Yohane 3 kwanza, halafu 2 Samueli 6 na Luka 1. Usiharakishe kueleza; muulize yeye anaona nini. Huenda akasema bado hakubaliani. Hilo ni jibu la heshima, lipokee. Unachostahili kukidai ni asikucheke tena mbele za watu, na hilo halihitaji aya.