Dondoo muhimu: modemu moja, kupiga na kupokea

Ukitaka kufufua kompyuta ya zamani ya Unix hapa Lubumbashi, usisubiri laini ya simu ya mezani. Sentrali ndogo ya ofisini inatosha kuunganisha modemu mbili.

Ili modemu moja ipige na kupokea, iandikie AT&F, kisha ATE0Q1&C1&D3S0=1&W. Usiruke E0Q1! Bila hiyo, modemu hutamka neno RING au CONNECT, getty (programu inayosubiri watumiaji waingie) hulidhani ni jina la mtumiaji, huomba nywila, modemu huirudishia getty mwangwi wa ombi hilo, na mzunguko huo haukomi hadi mashine ichoke. &C1 huwasha DCD (ishara ya muunganisho) simu inapounganika tu.

Programu ya kupiga nje ianze na ATQ0, la sivyo haitaona jibu lolote. Simu ikikatwa, &D3 huirudisha modemu kwenye mipangilio uliyohifadhi.

Kwenye Linux ya zamani tumia uugetty, si getty ya kawaida, na programu zote ziite ttyS1 na kuheshimu kufuli moja, LCK..ttyS1. Ukichanganya na cua1, zitagombania waya.

Masika, kama waya unapita nje, uchomoe kabla ya radi: umeme wake huingia kwa njia ya simu pia.